Chupa Iliyojaa Mno

Habari za kifo chake zilinifikia asubuhi, nikiwa nabandika majina kwenye chupa. Mpimaji wetu wa maabara, aliyestaafu lakini hakuacha kuja kazini, amefariki kitandani mwake hapa Kindu, Kongo, amezeeka, wajukuu wakiwa kando. Mnaonisoma mnajua ninavyohangaika: niliuliza mara tatu kama aliteseka. Hakuteseka. Nikashusha pumzi, ndipo nikalia.

Yeye ndiye aliyeniokoa. Nilikuwa nimetoka chuoni na kukabidhiwa utafiti wa mapafu ya watoto wadogo. Mtoto mchanga huwezi kumwambia apulize mrija kwa nguvu ili upime pumzi zake. Tulitaka kujua kama protini zilizomo katika mkojo wake zinaweza kutueleza hali ya mapafu. Kina mama wa mtaa wa Alunguli walileta chupa za mkojo bila kubisha, nami nikafurahi. Kesho yake zingepanda ndege kwenda kupimwa mbali. Mpimaji akainua moja dirishani.

"Dokta, huyu mutoto iko na miezi ngapi?"

"Minane, Mama."

"Na anajaza chupa muzima, rangi ya chai? Diplome ya chuo uko nayo, lakini wewe mutoto hauna!"

Tulimwita bibi ya mtoto. Hakuona haya. "Iko ya babu yake. Munabeba mikojo ya watoto kwa ndege, munapelekea nani? Kama mubaya inafuata, imufuate muzee. Yeye amekwisha kuishi."

Wote walicheka isipokuwa mimi. Akilini niliwaona watoto wanaokohoa wakiandikwa wazima, na wazima wakiandikwa wagonjwa, chini ya sahihi yangu. Ndipo mpimaji akanisimulia miaka ya vita. Vijiti vya kupimia vilikwisha, akawa anachemsha mkojo wa wajawazito juu ya makaa, anatia tone la siki na kutazama kama utageuka mweupe, dalili ya protini ya hatari kwa mjamzito. Siku zile aliyechukua kitu chako na kuondoka nacho hakurudi. Kwa hiyo kila mama alisimama palepale akaona kazi yote, na mabaki yakamwagwa mbele ya macho yake. "Sikuwaomba waniamini," aliniambia. "Niliwaonyesha."

Tukaanza upya. Alifungua friji mbele ya kina mama wote, akaweka kwanza chupa ya mjukuu wake mwenyewe, akamwaga mkojo uliobaki. Yule bibi akatazama mpaka mwisho. "Kama ya mujukuu wako inaenda, na ya wetu iende."

Kesho yake baada ya mazishi niliogopa kwamba tumezika na imani ile. Nilipofika, mama mmoja alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni. "Dokta, inayobakia unamwangia wapi?" Nikamwonyesha, nikamfungulia na friji. Nilidhani elimu yangu ingetosha kuwashawishi watu. Kumbe walitaka tu kusimama karibu na kuona. Akanipa chupa. Ndani mlikuwa na matone machache, maangavu kama maji. Sijawahi kufurahia chupa iliyo karibu tupu namna ile.