Kishungi cha Nyuma ya Sikio

Enzi zetu pale Uvira, shampuu ilikuwa sabuni ileile ya kufulia, na mafuta ya nywele yalikuwa mawese yaliyobaki kwenye sufuria ya maharage. Wenzangu tuliokua wakati ule mnajua ninachosema. Unaingia darasani kichwa kinang'aa, jirani yako wa dawati anakunusa, kisha anakutajia chakula mlichokula jana bila kukosea. Hakuna aliyekufa. Nywele ziliota, tena ziliota kwelikweli.

Leo bafuni kwetu hapa Granville, Sydney, nimehesabu chupa tisa za binti yangu Naomi. Kuna ya parachichi, kuna ya nazi, kuna ya kupuliza kabla ya maji na nyingine ya kupuliza baada ya maji. Usiku kichwa kinalala kwenye mto wa hariri kama cha bibi harusi. Kuosha nywele kunamchukua Jumamosi nzima, na siku hiyo haoshi hata kikombe, kwa sababu eti ana shughuli.

Sisi pia siku yetu ilikuwa Jumamosi, ila yetu ilikuwa ya machozi. Mama anakaa kwenye kigoda, mimi chini kwenye mkeka, kichwa changu katikati ya magoti yake. Chanuo letu la mti lilikuwa limebaki na meno sita, na kila jino lilijua kazi yake. Alikuwa akivuta mpaka macho yanavutika pembeni, harufu ya ndagala wanaokaangwa kwa jirani inanijia puani na siwezi hata kugeuka. Ukilia, anakugonga kidogo na mgongo wa chanuo. "Tulia," anasema, "ama nakuacha nusu, kesho uende kanisani hivyo hivyo." Mama yangu hakuwa mtu wa kutishia bure, kwa hiyo nilitulia.

Kisha anakuja Papa. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani mwa nyumba, na utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata siku za ibada. Kabla Mama hajaanza kunifunga nyuzi nyeusi, Papa anasimamisha mashine na kuita, "Ngojeni, sijapima!" Anakuja na chaki yake mdomoni, anachagua kishungi cha nyuma ya sikio la kushoto, kilekile kila wiki, anakinyoosha taratibu na kuweka utepe. Halafu anatangaza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira redioni, "Sentimeta kumi na tatu na nusu!" Anaandika kwa chaki nyuma ya mlango. Aliniahidi kwamba nywele zikigusa bega atanishonea gauni la mikunjo mitatu, na mimi nilikuwa nimeshawaambia wasichana wote wa mtaani rangi yake.

Kitu kimoja tu kiliwagombanisha wazazi wangu siku hizo za Jumamosi, nacho ni ncha. Mama alikuwa akizishika kwenye mwanga na kusema zimepasuka, zikatwe. Papa alikuwa anakataa katakata. "Usinipunguzie hesabu zangu," anasema, na Mama anacheka na kuacha. Tulipomwambia Papa ampime na Mama, Mama alikaza kitambaa chake cha kichwa na kusema, "Mimi si nguo." Nywele zake alizitengeneza mwenyewe chumbani, mlango umefungwa. Sisi watoto tulijua vitambaa vyake tu. Ila mara nyingine tuliwasikia wote wawili wakicheka kule ndani.

Papa alifariki msimu wa mvua, homa ya siku nne. Nilikuwa na miaka minane. Sisi wa kanisani hatukunyoa, ingawa shangazi zangu walinung'unika matanga yote kwamba watu wanalia na nywele zao kichwani kama wageni. Nyuma ya mlango chaki ilisema kumi na sita.

Miezi ikapita. Jumamosi moja Mama alinifungua nyuzi, akazishika ncha kwenye mwanga kama kawaida, na safari hii hapakuwa na wa kumkataza. Akautoa msumarini mkasi wa Papa, ule mkubwa mweusi ambao zamani ukikutwa unakatia karatasi unachapwa. Niliposikia chuma kinafunguka karibu na shingo yangu, niliruka mpaka kigoda kikaanguka.

"Hapana, Mama! Hapo Papa alipapima!"

Sikujua namna nyingine ya kueleza. Nilikuwa nimefikiria mwenyewe, usiku baada ya usiku, kwamba nywele inaota kutoka kichwani, kwa hiyo ile ncha ndiyo ya zamani. Ile ncha ilikuwepo. Vidole vya Papa viliishika. Hii ya karibu na ngozi haikumjua kabisa.

Mama hakunigombeza. Alisimamisha kigoda, akakaa na ule mkasi mapajani. Akasema, "Nywele ikipasuka huku mwisho, haibaki hapo. Inapanda tu mpaka juu." Nikakataa kwa kichwa. Basi akanirudisha mkekani, akakata nywele zote ncha kidogo kidogo, akakiacha kishungi kimoja tu nyuma ya sikio la kushoto. Nilikifunga na uzi mwekundu kisichanganyike na wenzake. Nilikilinda kwa maji, kwa jua na kwa mikono ya watu.

Ulipofika mwisho wa mwaka wa shule, nywele zangu nyingine zilikuwa zimefika begani, na kile kishungi kilikuwa kifupi kuliko zote. Kilikuwa kimekatika chenyewe, punje kwa punje, ndani ya uzi wangu mwekundu. Nikampelekea Mama. Akakisawazisha kwa mkasi na kunipaka mafuta. "Nilitaka uone mwenyewe," akasema. Gauni alinishonea yeye, na mikunjo ikawa miwili tu kwa sababu wa tatu ulimshinda.

Nisingekuwa nimeyakumbuka haya kama si korona. Mwaka ule wa pili, sehemu yetu hii ya Sydney ilipofungwa kuliko nyingine, helikopta ikizunguka juu ya mapaa yetu, mume wangu aliendelea kuendesha lori la makontena bandarini Port Botany na mimi niliendelea na kazi yangu ya kutunza wazee. Kila asubuhi, barakoa usoni na glavu mikononi, nilichana nywele za mama za watu. Nywele nyeupe, nyepesi, zinataka mkono wa taratibu. Watoto wao walisimama nje ya dirisha, wanapunga mkono kwenye kioo. Narudi nyumbani, navua nguo mlangoni, naoga kwanza, ndipo namgusa Naomi.

Naomi alikuwa na miaka kumi na moja, na shule yake ilikuwa kwenye kompyuta mezani jikoni. Alikuwa ameamua kufuga nywele, tena kwa kanuni za kwenye video. Video zikisema asilale bila kufunga kitambaa, anafunga. Zikisema asitumie chanuo la meno madogo, analitupa. Na zote zilisema ncha zilizopasuka zikatwe. Nilipozishika kwenye mwanga wa dirisha nikaona zimekuwa kama brashi kuukuu, vifundo vitupu. Nikachukua mkasi. Mtoto akaruka.

"No, Mum! Hapo Koko alishika!"

Koko ni mama yangu, ndivyo wajukuu wanavyomwita. Krismasi ya mwisho kabla ya korona tulikwenda Uvira, na kwa wiki tatu Naomi alikaa mkekani katikati ya magoti yale yale. Koko hajui Kiingereza, na huyu wangu Kiswahili anakisikia lakini anajibu anavyotaka. Walielewana kwa kichwa tu. Maneno ya kwanza ya Kiswahili ambayo Naomi aliyasema bila kulazimishwa yalikuwa "tulia" na "inama", alikuwa akimwambia mwanasesere wake kwenye ndege tukirudi.

Mkasi ukanibaki hewani. Sikuwa nimewahi kumsimulia habari za Papa na utepe. Alikuwa amefika pale mwenyewe.

Nikampigia Mama simu ya video. Kwake ilikuwa asubuhi, na kama kawaida yake alituonyesha paji la uso na dari. Nilipomweleza, picha ikayumba, nikaona kitambaa chake tu. Kisha nikasikia, "Umuachie kamoja."

Nikamwachia kamoja, nyuma ya sikio la kushoto. Nyingine zote nilikata ncha, Naomi akitazama kila kipande kinavyoanguka.

Haukupita mwezi, Mama akaanza kukohoa. Siwezi kueleza zile siku. Mipaka imefungwa, ndege hakuna, simu ikilia najishika kifua. Niliwalisha mama za watu uji na wangu sijui nani anamshikia kikombe. Jioni nilikuwa namkuta Naomi anaangalia televisheni huku akizungusha kile kishungi kidoleni, na niliogopa, naomba Mungu anisamehe, kwamba mtoto atabaki na hicho tu, nacho kilikuwa kimeshaanza kukatika. Niliona na sikusema.

Mungu ni mwema, Mama alipona. Njia zilipofunguliwa na nauli ikapatikana, tulikwenda. Kabla hata ya kunywa maji, Naomi alikaa mkekani na kuinama bila kuambiwa. Koko akapapasa nyuma ya sikio, akakipata, kifupi kuliko vyote, akacheka mpaka akashika ubavu. "Na wewe!" akasema. Akaagiza mkasi wa Papa, akakisawazisha mwenyewe.

Kesho yake asubuhi akaniita chumbani, akafunga mlango. Alisema mikono yake haipandi tena mpaka kichwani, na nywele zimemshinda. Nimechana vichwa vya wazee wa Sydney sijui mara ngapi, lakini siku hiyo ndipo kwa mara ya kwanza mama yangu alifungua kitambaa mbele yangu. Nywele zote nyeupe, ndefu, ncha zimekatwa vizuri sana. Nikachana kuanzia nyuma, taratibu, kama ninavyowafanyia wale. Nilipofika nyuma ya sikio la kushoto, vidole vyangu vikagusa kitu kifupi, kikavu, kilichopasukapasuka, kimefungwa na uzi.

Enzi zetu hatukuwa na picha. Papa hatuna yake hata moja, na chaki ya nyuma ya mlango ilifutika siku nyumba ilipopakwa rangi. Naomi ana picha za Koko mia na zaidi kwenye simu, za kucheka, za kula, hata za kulala, na akitaka sauti yake anabonyeza tu. Ninawacheka watoto hawa na chupa zao, lakini wao hawalazimiki kutunza mtu kwenye ncha ya nywele. Nadhani wamepata nafuu. Sina hakika.

"Mama," nikasema, "hizi zimepasuka. Nikate?"

Akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Hako usikaguse."

Nikapitisha chanuo pembeni, nikakiacha kilivyokuwa.