Pezi la Ubao na Uji wa Cucu

Sogea karibu nikueleze. Wiki jana nilipanda bodaboda kutoka Ngoingwa, nikapitia mashamba ya kahawa kuelekea Ruiru, nikakuta bwawa letu limekauka. Matope tu, na juu yake misingi ya nyumba imejipanga mstari kama meno. Cucu, nyanya yangu, aliishi pale kabla mto haujazibwa.

Juu ya maji yale shangazi yangu aliteleza kila Jumamosi asubuhi, amesimama kwenye ubao mmoja, akivutwa kwa kamba na boti ya jirani. Usiogope, si mambo magumu. Ubao una viatu viwili vya mpira juu, na chini yake, karibu na mkia, kuna pezi dogo la chuma kama la samaki. Viatu ukivisogeza mbele, ncha ya mbele inazama na ubao unakata kona upesi. Ukivirudisha nyuma, ncha inainuka. Pezi likishuka, mkia unashika maji. Likipanda, mkia unateleza. Kazi yangu ilikuwa kushika bisibisi, puani harufu ya petroli na ya kahawa iliyokuwa ikioshwa kiwandani.

Msimu ule ubao ulikuwa ukimtoroka. Kila akikata kona ya kushoto mkia uliponyoka, naye akaangukia palepale, penye matete.

"Haiya, umeona nyasi ya napia?" jirani alimcheka. "Hata ng'ombe wangu hakimbilii majani hivyo!"

Cucu hakucheka. Mtoto wake wa kwanza alizikwa nyuma ya nyumba yao ya zamani, na kaburi lilibaki chini ya maji, hapo penye matete.

"Dadako anataka mtu wa kucheza naye," alimwambia shangazi. "Kuzika mmoja kulinitosha. Ukianguka hapo tena leo, hicho kitu nakipasua kuni."

Shangazi alikuwa amesharudisha viatu nyuma tundu moja la skrubu, bila nafuu. Sasa akalegeza skrubu za pezi, akalishusha kwa unene wa ile kadi ya simu ya kukwaruza, akakaza tena.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya bwawa. Boti iliponguruma nilimwona Cucu ameinama kwenye matete na kikombe cha uji, akiumimina polepole, akinong'ona jina ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani.

"Pasta asijue," aliniambia bila kugeuka.

Shangazi akaja, akakata kona ya kushoto. Mkia ulishika. Alipita wima, karibu nasi kiasi cha kutulowesha. Mawimbi yakatulia. Halafu, pale uji ulipozama, mapovu madogo yakapanda moja moja, kama ya mtoto anayepuliza kikombe kwa mrija.

Hakuanguka tena pale. Shangazi alishukuru pezi, Cucu alishukuru uji, na hakuna aliyethubutu kuacha chake: pezi halikuguswa, uji haukukosa Jumamosi hata moja. Sasa Cucu hayupo, boti iliuzwa, maji yenyewe yameondoka, nami sitajua kamwe ni nini kilichoushika mkia ule.

Kwa hiyo wewe, ukirekebisha ubao wako, weka alama ya kalamu pale kitu kilipokuwa, sogeza hicho kimoja tu, kisha ingia majini ujaribu kabla hujagusa kingine.