Chungu cha Dawa cha Mzee Kuang

Mzee Kuang Peihe hakuwa mganga, wala hakuwahi kujiita mganga. Alikuwa mkataji. Katika mji wa Zhangshu, kule China, ambako mizizi na magome ya dawa yameuzwa tangu enzi za wafalme wa Song, mkataji anayeijua kazi yake ni mtu na heshima zake, na Kuang aliijua. Popoo moja aliitoa vipande mia na nane, ukipuliza kimoja kinaruka. Waambie hao wa mashine leo wakukatie hivyo. Thubutu!

Aliingia duka la dawa la Fundi Deng kujifunza kazi mwaka 1954, akiwa na miaka kumi na sita, akakalishwa benchi moja na Luo Changgeng, kijana wa rika lake mwenye domo. Fundi Deng alikuwa na hadithi moja tu na haikumchosha: kisu alifundishwa na baba yake, baba na babu, babu na baba yake, hadi miaka mia saba nyuma. Changgeng alikuwa akimnong'oneza Kuang kwamba wakizidi kurudi nyuma watamkuta nyani ameshika kisu. Wakacheka mpaka wakajikata vidole. Urafiki ukaanzia hapo. Changgeng alipomwoa Liao Suqin, Kuang akapata shemeji, nyumba tano kutoka kwake, kwenye uchochoro uleule.

Na uchochoro wenyewe ulikuwa uchochoro kweli siku zile. Kila mlango ulikuwa na jiko la mkaa, na kila mwenye mgonjwa alichemsha dawa palepale nje, harufu chungu na tamu ikakusindikiza mpaka kazini. Mashapo yalimwagwa katikati ya njia ili wapitao wayakanyage, maradhi yaondoke na nyayo zao. Kuang alikuwa akisimama, anayachungulia mashapo, anajua nani anakohoa, nani ana mimba na nani anadanganya kwamba hana. Siku hizi njia ni safi, na hakuna anayejua jirani yake anaumwa nini. Haya, hayo ndiyo maendeleo.

Uchochoro mzima ulichemshia dawa chungu kimoja, nacho kilikuwa cha mama yake Kuang. Chungu cha dawa kilikuwa na sheria yake. Unakiazima, lakini hukirudishi. Ukimpelekea mwenyewe umempelekea maradhi mlangoni, na hilo hata mtoto alilijua. Jirani mwingine akikihitaji atakifuata kwako. Mwenyewe naye atakuja kukichukua siku akiumwa yeye. Basi, kikazunguka hivyo miaka na miaka, na Kuang, ambaye hata mafua yalikuwa yakimkwepa, hakukihitaji.

Nyakati zikapita. Walikuja madaktari peku wa vijijini, wakulima waliofunzwa tiba kidogo, na mikoba yao, ndani mna sindano za penisilini pamoja na zile sindano nyembamba za kale, na watoto waliokuwa wakifa kwa homa ya mapafu wakaacha kufa. Kuang aliona kwa macho yake, akakiri. Lakini kukiri si kuamini. Hospitali kubwa ilipojengwa ng'ambo ya soko, yeye na Changgeng waliiita bucha.

Vuli ya mwaka 1988 Changgeng akashikwa na tumbo. Alitaka kwenda hospitali. Kuang ndiye aliyemzuia. Alimwambia ni baridi ya tumbo tu, kule watampasua bure, akamkatia kwa mkono wake tangawizi kavu, mdalasini na mizizi mingine, akamwambia Suqin akifuate chungu kwa jirani kilikokuwa. Changgeng akanywa siku tatu. Siku ya nne wakambeba hospitali, na jioni hiyohiyo akafa.

Tangu siku hiyo Kuang hakumshauri tena mtu juu ya dawa. Akawa mkorofi wa ajabu. Mtu akipita dukani kashika tumbo anafokewa aende hospitali, mbio, anasubiri nini hapa! Wakataji wenzake wakamwita msaliti. Hakujali. Alichojali ni chungu, maana kilibaki kwa Suqin. Chungu kilichotoka kwenye msiba hakuna jirani aliyekiomba tena. Kila mwaka Kuang alijiambia kwamba mwanamke yule anakitazama na kumlaani yeye. Akimwona kwa mbali alivuka upande wa pili. Wakikutana ana kwa ana, salamu, hali ya hewa, kwaheri. Miaka thelathini na mmoja! Alichokitaka duniani ni kusamehewa na mtu mmoja anayekaa nyumba tano kutoka kwake, na hakuwa na ubavu wa kubisha hodi.

Mwaka 2019 yeye mwenyewe akaanza kuhema akipanda ngazi. Hospitalini daktari, binti mdogo mpole, alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akamwonyesha moyo wake ukidunda kwenye kioo cha mashine, kisha akamshika mapigo mkononi kwa vidole vitatu kama wazee wa zamani. Akamwandikia vidonge na mizizi pia. Alimwambia mashine yao itamchemshia, atie pakiti mfukoni anywe kama juisi. Kuang akakataa, akataka dawa kavu, atachemsha mwenyewe. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na hatimaye alikuwa na sababu ya kukifuata chungu.

Akabisha hodi asubuhi. Suqin alifungua, akamwona na kifurushi cha dawa mkononi, na uso ukambadilika.

"Shemeji, unaumwa nini?"

Kuang hakujibu hilo. Alikuwa amejipanga kusema mengi, yote yakamtoka kwa mpigo. "Changgeng nilimuua mimi. Alitaka kwenda hospitali nikamzuia. Nisamehe, au nifukuze, lakini sema."

Suqin alimkodolea macho. "Umemuua wewe? Shemeji, ini lilikuwa limekwisha. Uvimbe ulipasuka. Daktari aliniambia siku ileile, hata tungempeleka mwezi mmoja kabla ingekuwa vilevile."

"Na hukuniambia?"

"Ningejuaje kama unajilaumu? Mimi nilikuwa nakungoja uje kuchukua chungu chako, tukae, tumzungumzie marehemu. Hukuja. Ningekuletea mimi? Nikuletee maradhi mlangoni?" Akavuta pumzi. "Kila mwaka mpya nilikuwa nikisema, ahsante Mungu, shemeji yangu hajaja, ni mzima."

Kuang akakaa kwenye kibaraza bila kukaribishwa. Suqin akampokea kifurushi, akakifungua, akaguna kwamba aliyekata mizizi hii alikata viazi. Akaloweka dawa kwenye chungu kilekile, akawasha jiko hapohapo nje. Kisha akamuuliza tena anaumwa nini, na safari hii akamjibu: moyo, umechoka, daktari hakumficha kitu.

Suqin alimpa mgongo, akapepea mkaa mpaka ukawa mwekundu.

"Miaka yote hiyo ulikuwa mzima," alisema mwishowe, "na hukuja hata siku moja."