Yaya Asiyehesabu Watoto

Kila Jumapili niliipandisha familia ya memsahib, yule mama wa Kizungu aliyeniajiri udereva, mlima Menengai kwa gari, na yaya wao alikaa nyuma na kikapu cha chakula mapajani, watoto watatu wa memsahib wakimbana. Kule juu wengine walikimbilia ukingoni kuchungulia lile shimo kubwa la mlima. Yeye aliligeuzia mgongo. Aliketi akitazama upande wa Baringo, akimenya mayai ya kuchemsha bila kuyaangalia. Saa ya kurudi memsahib alipaza sauti, "Yaya, hesabu watoto!" Hakuhesabu hata siku moja. "Kwetu mtoto hahesabiwi, dereva," aliniambia. "Anaitwa." Basi aliwagusa vichwa wakiingia garini, "Robini. Jili. Toma," na kila mmoja akaitika.

Jumapili moja ya mwaka hamsini na saba anga lilikuwa safi, vilima vya Baringo vikaonekana karibu kama boma la jirani. Aliwaita watatu, wakaitika. Kisha mkono wake ukashuka zaidi, ukasimama hewani karibu na goti. "Chepkorir," akasema, akangoja. Watoto wakacheka. "Yaya, Chepkorir ni nani?" Mkono hakuuondoa. Mimi nilimjua Chepkorir. Ni binti yake, aliyemwacha kwa nyanya yake miaka sita iliyopita. Wakati wa Pasaka nilipita kwao Baringo, nikamwona akipanda kutoka mtoni na kibuyu cha maji mgongoni. Nilitaka kumwambia mama yake auinue ule mkono, aufikishe kifuani, kimo alichofikia binti sasa. Nikawasha injini.