Mayai ya Kamba, Mayai ya Gamba

"Wee Mama Chepchirchir, hebu niambie ukweli wa Mungu: ni kuku gani huyu anataga mayai ya uzi?"

Swali hilo liliulizwa na Wilkista, jirani wa ng'ambo ya ua, mwaka wa 1993. Alikuwa amechungulia akamkuta mwenzake kwenye kigoda, akizungusha uzi wa manjano juu ya kitu kisichozidi ngumi ya mtoto. Yunia Chepkurui hakuinua kichwa. "Ni kuku asiyekula mahindi yangu," akajibu, na sindano ikaendelea kwenda na kurudi.

Leo, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka wa 1996, sindano bado inakwenda na kurudi. Saa mbili asubuhi. Ukungu haujang'oka juu ya majani ya chai, na Sotik iko mwendo wa saa nzima kwa miguu. Maziwa yamekamuliwa, maombi yamefanyika. Kwenye beseni mezani kuna mayai hamsini na tisa: mekundu, ya bluu, mengine yana mistari kama punda milia. La sitini liko mkononi mwake.

Vidole vyake vina weusi wa utomvu wa chai usiotoka hata kwa sabuni ya kipande. Kabla hajashika uzi mweupe huvisugua kwa ndimu, halafu hufunga macho kidogo. "Kila yai naanza na jina la Bwana," anasema. "Nikisahau, uzi unaniadhibu. Unajifunga mafundo."

Yunia ana miaka hamsini na mbili. Alisoma hadi darasa la sita, na huko ndiko mwalimu wa ushonaji alikomfundisha kroshia. Mumewe alilala katika Bwana mwaka wa 1987, akamwachia nusu ekari ya chai, ng'ombe wawili, binti mmoja, Chepchirchir, na baiskeli iliyokwisha magurudumu. Sindano anayotumia ni spoku ya baiskeli hiyo, iliyokunjwa ncha kwa koleo na kusuguliwa juu ya jiwe.

"Baiskeli ilikwenda kwa fundi wa vyuma vikuukuu," anasema akicheka. "Spoku nikakataa. Nikasema huyu mzee lazima aendelee kufanya kazi."

Miaka mingi alifuma vitambaa vya viti. Lakini ni nyumba gani huku haina vitambaa vya viti? Soko likajaa. Kisha Mama Wachira, yaani Nyathira, mwenye duka la nyuzi na vifungo pale Sotik, akamwonyesha kadi ya Pasaka iliyokuwa na mayai ya uzi yakining'inia kwenye tawi. "Unaweza hii, Mama?" Yunia akaitazama, akaigeuza, akahesabu vishimo. "Naweza."

Siku hizi yai moja humpa shilingi kumi na tano. Kupata kiasi hicho kwenye chai ni lazima achume kilo kama nne, na chai huchumwa ukiwa umesimama. Magoti yake yamechoka kusimama. Daktari alimwambia apumzike. Yunia akamuuliza, "Nikipumzika, majani yatajichuma?"

Anachokitaka ni kitu kidogo tu: kabati la kioo, lenye kufuli ndogo ya shaba, lililo mbele ya duka la Nyathira, lile ambalo mtu akiingia tu analiona. Mpaka sasa mayai yake hukaa kwenye gunia chini ya kaunta, na mteja huyaona akiangusha senti. Ameomba kabati hilo mara tatu. Mara tatu amejibiwa, "Tutaona, Mama."

Mwezi uliopita jibu lilibadilika. Kulikuwa na oda ya mayai sitini ya kupamba sherehe ya watoto kwenye ukumbi wa shamba moja kubwa la chai. Yangetundikwa kwenye matawi. Nyathira alituma ujumbe kupitia kwa Mzee Kipyegon, mzee wa kanisa ambaye hupeleka maziwa Sotik kila asubuhi: Mama Yunia atengeneze mayai sitini, ya kamba, yaani yenye vitanzi vya kutundikia, na yakitoka vizuri wataongea mambo ya kabati.

Mzee Kipyegon alifika, akavua kofia, akanywa chai vikombe viwili, ndipo akatoa ujumbe. "Anataka mayai sitini. Lakini safari hii anataka ya gamba."

"Ya gamba?"

"Ya gamba. Alirudia mara mbili."

Yunia hakulala vizuri kwa mawazo. Miaka yote mayai yake yalikuwa na pamba ndani. Kumbe pamba imemchosha Mama Wachira, sasa anataka yai lenye ganda lake gumu, yai kweli lililovikwa uzi! Akasema ni sawa, Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba. Akakusanya mayai ya kuku wake, akanunua mengine kwa majirani, na kazi ikaanza.

Kila yai alilitoboa juu na chini kwa sindano ya gunia, akapuliza mpaka ute na kiini vikaangukia sufuriani. Akaliosha, akalianika. Akaanza kufuma kutoka kitako, vishimo sita, kumi na mbili, kumi na nane, akalitia yai ndani kama mtoto anavyovishwa sweta, kisha akapunguza vishimo mpaka juu. Kumi na moja yalipasuka. Mashavu yalimuuma siku nne.

Na yaliyotoka ndani yalikwenda wapi? Wilkista ndiye wa kuulizwa. "Tulikula mayai na ugali, mayai na viazi, mayai na mayai," anasema, ameshika kiuno. "Kwaya ya akina mama ilikuja mazoezi hapa, wakalishwa mayai. Jumapili sauti ya kwanza ilitoka laini hata mchungaji akashangaa. Mzee wangu akaniambia, nikiona yai lingine nahamia kwa mama yangu!"

Saa tatu, pikapu inasimama nje ya ua. Nyathira anaingia na kikapu, mwanamke mnene wa kitambaa cha kijani kichwani, mwenye haraka za watu wa biashara.

"Chamgei, Mama Chepchirchir!"

"Chamgei mising, Mama Wachira. Karibu, chai iko."

Lakini macho ya Nyathira yamekwisha kufika kwenye beseni. Anachukua yai moja, analigeuza. Analigeuza tena. "Haiya! Mama, kamba iko wapi?"

"Kamba gani?"

"Si nilisema mayai ya kamba? Ya kutundika! Hii itaning'inia na nini, na maombi? Na saa sita natakiwa niwe nimefika na hii mayai yote!"

Yunia anasimama. Donge la uzi wa yai la sitini linamwanguka kutoka mapajani, linabingirika hadi mlangoni. "Niliambiwa ya gamba," anasema polepole. "Gamba. Ganda la nje." Analichukua yai, analitikisa karibu na sikio la mwenzake. Hakuna kitu ndani.

Na kama aliyeitwa, Mzee Kipyegon anapita barabarani akirudi na kopo lake la maziwa. Wilkista anamwita kwa sauti ya kuamsha kijiji. Mzee anaingia, anavua kofia.

"Mzee," Nyathira anamuuliza, "nilikutuma useme nini?"

"Nilisema vile ulivyosema. Mayai ya gamba."

"Kamba!"

"Ndiyo. Gamba."

"Kamba, Mzee! Ya kufunga ng'ombe!"

"Kwani mimi nasema nini?" Mzee Kipyegon amekasirika kidogo. "Hata ng'ombe wangu nimemfunga na gamba sasa hivi!"

Wilkista anakaa chini kabisa, kwenye sakafu, akipiga mapaja. Yunia anajaribu kujizuia, anashindwa. "Si makosa yake," anasema akifuta machozi. "Mimi pia ni Mkipsigis, kwetu k na g ni ndugu. Nikisema moja, mwenyewe sijui nimesema gani."

Nyathira peke yake hacheki. Amelichukua tena yai. Analipima mkononi, anamtazama Yunia. Mwaka jana, anasema, yale ya pamba yalikuwa mazito, tawi likainama, na mengine yakapoteza umbo kama soksi zilizokunjwa. Hili ni jepesi kama unyoya. Na ni yai hasa, mviringo wake ni wa yai. Wanapozungumza, moja linaponyoka mezani, linagonga udongo, linabingirika hadi mguuni pa mzee. Uzi umelishika. Halijapasuka.

Mzee Kipyegon, ambaye mwaka wa kwanza alitaka aonyeshwe ni kitabu gani cha Biblia kilichoandika habari za mayai ya Pasaka, analiokota. "Ndani hakuna kitu?"

"Ni tupu," Yunia anajibu. "Kama kaburi siku ile ya tatu."

Mzee analitikisa sikioni. "Amina," anasema, na analirudisha mezani kwa mikono miwili.

Basi kazi inaanza. Yunia akifuma peke yake kitanzi cha kila yai, ni dakika tatu kila kimoja. Saa sita itamkuta bado anafuma. Nyathira anavua viatu, anakaa kwenye mkeka, anapandisha sketi hadi gotini na kuanza kusokota uzi juu ya paja, jinsi mama yake alivyosokota nyuzi za vikapu vya kiondo kule Murang'a. Wilkista hajui kroshia wala kiondo. "Lakini nimefunga ndama miaka ishirini," anasema, na anafunga vitanzi vyote kwa fundo la ndama. Mzee Kipyegon amepewa kazi ya kukata uzi, na ameambiwa asiseme neno lolote.

Kazi inakwenda na wimbo, nusu Kipsigis, nusu Kikuyu. Saa tano na dakika ishirini, mayai sitini yananing'inia kwenye kamba ya nguo uani, upepo unayazungusha, na watoto wanaotoka kuchota maji wamesimama kwenye ua midomo wazi.

Swali la mwisho kwa Yunia ni moja: baada ya Pasaka, nini?

Anatazama chai yake upande wa pili wa ua. "Chai nataka kumwachia Chepchirchir na mumewe, wao wana magoti mapya. Mimi nataka kukaa. Kuna akina mama sita kanisani, wajane kama mimi, nitawafundisha. Mwaka ujao tutatoa mia tatu, yote ya gamba." Anacheka. "Na ya kamba. Nikipata tu mahali ambapo watu watayaona."

Haombi. Nyathira yuko karibu, anapanga mayai kikapuni tabaka kwa tabaka, na majani makavu ya migomba katikati. Haonekani kama amesikia. Anavaa viatu, anajitwika kikapu, anafika langoni. Hapo anasimama, anakitua. Anatoa mfukoni rundo la funguo za duka, anahangaika nalo kwa kucha, anachomoa ufunguo mmoja mdogo wa shaba. Anarudi, anaufungua mkono wa Yunia ule wenye weusi wa chai, anauweka ufunguo kiganjani na kuvifunga vidole kimoja kimoja.

Kisha anainua kikapu chake na kutoka.