Koti la Daktari

Mimi ni wakili. Nalisema hili mapema kwa sababu siku ile sikulisema, na hapo ndipo nilipoharibu.

Nafanya kazi na Daktari Nduku katika kliniki ndogo Mathare. Yeye hutibu kifua cha mtoto, mimi humwandama mwenye nyumba ambaye ukuta wake unavuja na kumrudishia mtoto kikohozi. Asubuhi hiyo nilijimwagia chai kifuani, Daktari akaniazima koti lake jeupe, tukaenda kwa Mama Halima. Mtoto wake hajapona tangu mvua zianze.

Daktari aliingia kumpima. Mimi nikabaki koridoni kumvizia mwenye nyumba, Mzee Guyo, mchuuzi wa mbuzi katika soko la Kiamaiko, ambaye simu zangu hashiki wala uso wangu haujui.

Safari hii alikuja mbio. "Daktari, karibu! Tumbo hili litaniua."

Ningemsahihisha. Lakini katika kazi yangu hakuna aliyewahi kufurahi kuniona namna hiyo. Nikamwambia avue shati. Nikabonyeza hapa na pale, nikaguna kama Daktari.

"Punguza nyama, mzee. Na ule ukuta wa Mama Halima urekebishwe. Unyevu si mzuri kwa tumbo."

"Wallahi, kesho naleta fundi."

Nilikuwa nimebandika sikio mgongoni mwake, namwambia avute pumzi, mlango ulipofunguliwa.

"Wakili," Daktari akauliza, "mbona umemvua shati mtu tunayempeleka kortini?"