Maua ya Harusi Katika Matenga ya Kabichi

Niliporudi Lushoto nilikuwa na diploma ya kilimo cha bustani na uzoefu wa mashamba mapya ya maua kule Arusha. Nalisema hili bila haya, kwa sababu diploma ile hakuna mtu aliyenilipia. Nilijisomesha kwa kubeba magunia ya viazi na kulima kibarua kwenye mashamba ya watu. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila aliyerudi kijijini alirudi na kitu: huyu redio ya Dubai, yule marobota ya mitumba. Mimi nilirudi na mkasi wa kukatia mawaridi, nikautembeza mfukoni kama wengine walivyotembeza funguo za gari.

Baba alikuwa amekwisha kufariki, na kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba, harusi ya mdogo wangu wa kike iliniangukia. Mchumba alikuwa mtu wa Tanga mjini. Msemaji wa ukoo wao alikuwa shangazi yake, mama wa biashara, mnene, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. Alikuja nyumbani kwetu kijijini Mlola na albamu ya picha za mpambaji wake: mawaridi ya Nairobi yaliyosafirishwa kwa barafu, na kati yake maua ya plastiki yanayong'aa kama sahani.

"Huyu ndiye atakayetupambia," alisema. "Ila mlimani hapandi. Anasema kwa zile kona za barabara ya kupanda kutoka Mombo maua yanafika yamezimia. Kwa hiyo harusi tutaifungia Tanga."

Sote tulimtazama mama. Miguu yake ilikuwa imevimba kwa ugonjwa wa moyo, na daktari alikuwa amemkataza safari ndefu na joto la pwani. Harusi kuwa Tanga maana yake ni mama kuisikia kwa kusimuliwa. Yeye mwenyewe alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Shangazi," nikasema, "maua nitayatengeneza mimi. Hapahapa."

"Wewe? Mwanamume?"

Mzee mmoja aliyefuatana naye akaangua kicheko, akaniita kama watu wa pwani wanavyotuita wanaume wa Kisambaa. "Mghosi, utatupambia kwa kabichi?"

"Kabichi zetu mnazila kila siku huko Tanga, mzee wangu. Sijasikia mkilalamika."

Mama akakohoa. Nilikielewa kikohozi kile, nikanyamaza.

Shangazi alifunga albamu taratibu. "Sikia, mwanangu. Sisi tuna wageni wa heshima. Jumapili ya wiki ijayo nitakuja kusali kanisani kwenu hapo mjini Lushoto. Nionyeshe kazi yako. Ikinipendeza, harusi ifungwe huku. Isiponipendeza, tusisumbuane."

Walipoondoka, mdogo wangu alinifuata bombani.

"Kaka, usinifanyie majaribio. Kama huwezi sema sasa hivi, nianze kulia mapema nimalize."

"Nikisema naweza, naweza."

"Mama asipokuwepo mimi sisimami mbele ya mchungaji. Nakwambia wewe tu."

Jumamosi nilikata maua jua lilipopoa. Nilikata yale meupe yaotayo kando ya kijito, yenye umbo la tarumbeta, na mawaridi ya kienyeji yaliyozunguka nyua za jirani zetu. Niliyasimamisha usiku kucha kwenye ndoo za maji baridi, kama inavyotakiwa. Asubuhi yalikuwa yamekakamaa vizuri mno, ningeweza kuyapeleka Ulaya. Nikatangulia mjini na mdogo wangu kuandaa mahali, nikawaachia mama wadogo wayapakie kwenye pikapu ya mboga. Niliwaachia agizo moja: yasitikisike njiani.

Lazima nieleze mama zangu wadogo ni watu gani. Katika bonde letu hakuna anayefunga tenga kama wao. Tenga lao la kabichi unaweza kulidondosha kutoka juu ya lori, lisafiri hadi Dar es Salaam, na kabichi isisogee. Siri yao ni kutandika majani mabichi ya kangaga ya msituni, kupanga, kuweka goti juu na kushindilia, kisha kuushona mdomo wa tenga kwa kamba ya katani.

Pikapu ilipofika nyuma ya kanisa niliyaona matenga yameshonwa. Kabla sijaigusa kamba nilimgeukia mama mdogo aliyefuatana na mzigo.

"Mama mdogo, mmeyashindilia?"

"Vizuri sana, baba! Hata moja halijatikisika."

Alisema kwa fahari, naye alikuwa na haki nayo. Niliikata kamba. Maua meupe yalikuwa yamekunjamana na kuingia weusi kwenye mikunjo. Mawaridi yalikuwa bapa. Kanisani ibada ilikuwa imekwisha kuanza, na kupitia dirishani niliiona kofia ya shangazi kwenye benchi la mbele.

Mdogo wangu alichungulia ndani ya tenga. "Basi," alisema. "Tumekwisha."

"Kaa kwenye ndoo hiyo. Chuna, usiongee."

Hapo ndipo diploma ilipoanza kufanya kazi. Waridi lina petali za nje zinazolinda za ndani. Ukiziondoa zile zilizopondeka kwa uangalifu, ndani kuna ua jingine zima, dogo kidogo. Nilimwonyesha mara moja, akaanza kwa pupa hata akavunja la kwanza. Mimi nilikata vikonyo upya ndani ya maji ili visinyonye hewa. Mama mdogo alivuta ndoo nyingine. Alifunga kanga kiunoni akaanza kuchambua kama anachambua mchicha.

Mchungaji wetu alijulikana kwa mahubiri marefu, na mara nyingi nilikuwa nimemlaumu kwa hilo. Siku ile nilimwombea pumzi. Lakini walianza kuimba wimbo wa sadaka na meupe mazima sikuwa nayo. Nikalipindua tenga la mwisho. Katikati kabisa, goti lisipofika, palikuwa na matumba machache meupe, maua ambayo hayajafunguka, yameviringika kama mishumaa. Na yale majani ya kangaga yaliyotandikwa chini hayakuwa na hata kovu, yalikuwa na unyevu na ukijani wa kupendeza. Niliyaangusha kangaga yaning'inie, nikajaza mawaridi, nikasimamisha matumba juu. Tuliweka chombo mezani kwenye kibaraza, watu wakaanza kutoka.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

Alikizunguka chombo. Alibonyeza waridi kwa kidole kama anayenunua nyanya.

"Mbona madogo?"

"Ni ya kwetu, Shangazi. Hayakupimwa kwa rula."

Mdogo wangu alinifinya mgongoni.

"Yatakaa?"

"Yatakaa."

"Haya. Nitakula kwanza, halafu nije niyaone."

Alikwenda kula kwa mwenyeji wake pale mjini. Sisi hatukula. Mdogo wangu alikaa kwenye ngazi akiyakodolea macho maua, na kila upepo ulipopita alisimama. Petali moja ilidondoka, akaiokota haraka na kuificha ndani ya kiganja.

Shangazi alirudi akitembea polepole kwa shibe. Mawaridi yalikuwa wima. Tumba moja jeupe lilikuwa limeanza kufungua mdomo. Alilitazama hilo kwa muda mrefu kuliko mengine yote, kisha akashusha pumzi.

"Mpambaji wangu atanikasirikia," alisema. Akamgeukia mdogo wangu. "Mwambie mama yenu atafute viatu visivyombana. Atasimama sana siku hiyo."

Siku ya harusi nilipanda mwenyewe nyuma ya pikapu, nimezikumbatia ndoo kutoka Mlola hadi mjini, na hakuna aliyeshona kitu. Sokoni walinipigia kelele: "Mghosi, kabichi zako zimechanua!" Nikawapungia mkasi. Kanisa lilivyopendeza siku ile, waliokuwepo bado wanalizungumza, nami siwakatazi.

Mama alikaa benchi la mbele amevaa kandambili mpya za kiume, ndizo pekee zilizomwenea. Daktari alikuwa amemwambia asisimame. Mdogo wangu alipoingia ameshika maua yake, mama alishika benchi kwa mikono miwili, akasimama.